Wanafika getini, wanageuza

Barua

Shikamoo mama,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu bila kuandika. Leo nakuletea langu maana limeninyima usingizi.

Mwaka jana nilinunua nyumba ya kupangisha. Ndiyo ya kwanza. Nilidunduliza miaka mingi, kisha nikamalizia kwa mkopo. Ina vyumba vitatu, sebule na jiko, na mbele yake kuna uwanja wa mita 10 kutoka getini mpaka kibarazani, upana mita 8. Ndani nimefanya kila kitu. Nimebadilisha vigae, nimeweka makabati mapya jikoni, bafu nimelivunja na kulijenga upya. Fundi alipokabidhi kazi aliniambia nyumba hii haitamaliza wiki bila mtu.

Sasa ni mwezi wa tatu iko tupu. Siyo kwamba watu hawaji. Dalali anawaleta, tena wengi. Jumamosi iliyopita nilikwenda kimyakimya nikakaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara nijionee. Wakaja mke na mume. Dalali akafungua geti, yule mama akaingia hatua kama nne, akasimama. Akatazama chini, akatazama ukuta, akamwambia mumewe kitu, wakageuka wakaondoka. Hawakufika hata mlangoni. Vigae vyangu hawakuviona.

Nikueleze huo uwanja ulivyo. Kuna mabaki ya nyasi zilizokufa na kuna udongo mtupu. Mvua ikinyesha, maji yanakusanyika mbele ya ngazi ya kibaraza, yanatuama siku mbili tatu, halafu panabaki tope. Njia ya kueleweka kutoka getini hadi mlangoni hakuna, kila mtu anapita anapoona pakavu. Chini ya madirisha, mwenye nyumba wa zamani alitengeneza tuta refu la maua, akalizungushia matofali, udongo umejaa mpaka karibu na dirisha. Siku niliyokuja kuiona nyumba tuta hilo lilikuwa limechanua, na nakiri ndilo lililoniteka moyo. Sasa maua yamekauka. Ukuta ulio nyuma yake na juu yake unabanduka rangi. Nimeupaka mara mbili tangu ninunue, na mara zote mbili baada ya miezi michache rangi ikafanya malengelenge. Ukiigusa inadondoka, na nyuma yake kuna unga mweupe.

Kwenye kona ya kushoto kuna mti mkubwa, mita kama 7 kutoka kwenye nyumba. Mizizi yake imepandisha kipande cha zege la zamani, na majani yake yanaanguka kila siku.

Kila mtu ana lake. Dalali anasema nipunguze kodi asilimia 10 tu, mtu atapatikana kesho yake. Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa pevingi. Anasema tukate mti, tung'oe kila kitu, tufunike uwanja wote kwa vitofali kutoka ukuta hadi ukuta, nisahau habari ya tope. Hesabu yake inafika kodi ya miezi mitatu, na hiyo ndiyo akiba yote niliyobaki nayo. Niliposita alikasirika, akasema simwamini hata kwenye kazi inayomlisha. Wiki ya pili sasa hapokei simu yangu. Shoga yangu naye ananishauri ninunue nyasi za kukunja, zile hai zinazouzwa zimekunjwa kama mkeka, nipande mitende, niweke na chemchemi ndogo ya maji, kwa kuwa siku hizi watu wanachagua nyumba kwa picha.

Mama, nishike lipi? Na nikishatengeneza, mpangaji akiingia nani atautunza uwanja huo? Naogopa kumwaga pesa yangu ya mwisho chini, halafu baada ya mwaka nijikute nimerudi palepale.

Mwenye nyumba tupu

Jibu

Marahaba mwanangu,

Hatua nne. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hizo hatua nne za yule mama ndizo zilizobaki kichwani mwangu. Wewe unasikitika kwamba hakuiona nyumba. Mimi naamini aliiona vizuri. Alitazama chini akaona maji hayana pa kwenda. Akatazama ukuta akaona rangi imepakwa juu ya ugonjwa. Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga hakujui, na anakaribia kujikabidhi kwako mwaka mzima: bomba likipasuka usiku atakuita wewe, choo kikiziba atakuita wewe. Anachotafuta pale getini ni dalili ya namna atakavyohudumiwa. Vigae vyako vizuri haviwezi kumjibu swali hilo, maana yeye amejibiwa kabla hajavifikia.

Ndiyo maana sitaki uanze kwa kushusha kodi. Tuhesabu pamoja. Asilimia 10 ya kodi kwa miezi 12 ni zaidi kidogo ya kodi ya mwezi mzima, nawe utaipoteza kila mwaka, na kuipandisha tena kwa mpangaji yuleyule ni ugomvi. Ukitumia kodi ya mwezi mmoja na nusu kutengeneza nje, ukapata mpangaji kwa kodi yako kamili, baada ya miezi 15 utakuwa umeirudisha pesa hiyo ukilinganisha na punguzo la dalali. Lakini usichelewe, kwa sababu kila mwezi nyumba inaokaa tupu unameza asilimia 8.3 ya mapato ya mwaka, na wewe uko kwenye wa tatu. Dalali hakudanganyi, mtu angepatikana kweli. Ila tope lingebaki, na mwaka ujao ungeshusha tena.

Kwamba sura ya nje ina thamani si maneno ya kufarijiana. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliotumia picha za nyumba zilizopigwa barabarani katika mji wa Denver, kompyuta ikazipa alama kwa sura ya nje. Nyumba zenye sura nzuri zilikuwa zimeuzwa kwa takriban asilimia 7 zaidi ya nyumba zinazofanana nazo zenye sura mbaya, na hata sura ya nyumba iliyo ng'ambo ya barabara ilichangia. Hizo ni bei za kuuza, usizihamishie moja kwa moja kwenye kodi. Kwa kupangisha, uwanja mzuri mara nyingi haukuongezei kodi. Unakupa mpangaji mapema, na unakupa nafasi ya kuchagua kati ya wawili watatu badala ya kumkubali yeyote aliyebaki.

Sasa twende ukutani, maana kisa chote kimejificha pale.

Umesema tuta limejaa udongo mpaka karibu na dirisha. Ukuta uliojengwa vizuri huwekewa tabaka la kuzuia unyevu sehemu ya chini, juu kidogo ya ardhi, ili maji ya udongoni yasipande kwenye matofali. Udongo wa nje unatakiwa ubaki angalau sentimita 15 chini ya tabaka hilo. Aliyejenga tuta alilizika. Tangu siku hiyo, kila alipomwagilia maua alikuwa anaumwagilia na ukuta. Maji yanaingia kwenye tofali, yanatafuta pa kutokea, yanapenya kwenye plasta yakiwa yamebeba chumvi. Maji yakishakauka chumvi inabaki. Ndio huo unga mweupe unaouona. Rangi yako ilikuwa inasukumwa kutoka nyuma. Ungepaka mara kumi ingebanduka mara kumi.

Kwa hiyo yale maua yaliyokuteka moyo siku ya kununua ndiyo yaliyokuwa yanaula ukuta. Sikuambii hili kukuumiza. Nakuambia kwa sababu wewe sasa ndiye unayepokea watu getini, na ni rahisi sana kuwafanyia wengine kile ulichofanyiwa, kwa nia njema kabisa, kwa kopo la rangi na maua mapya.

Libomoe tuta hilo lote, usilipunguze tu. Chimba mpaka uone pale plasta inapoishia na msingi unapoanza. Utapata faida nyingine humo: mchwa hupenda udongo ulioegemea ukuta, wanapanda ndani yake bila kuonekana mpaka wafike kwenye fremu za milango. Udongo utakaoutoa usiutupe, una kazi.

Kazi yake ni hii. Ardhi inayoanzia kwenye nyumba inapaswa kushuka kuelekea nje, angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Kuipima hakuhitaji mtaalamu. Chomeka kigingi kimoja karibu na ukuta na kingine mita 3 mbele yake, funga uzi kati yao, weka pimamaji katikati ya uzi mpaka kipovu kitulie. Kisha pima kwa tepu kutoka kwenye uzi hadi chini kwenye kila kigingi. Kipimo cha kigingi cha mbali kinatakiwa kizidi cha karibu kwa sentimita 15 au zaidi. Pale mbele ya ngazi yako nina hakika utakuta kinyume: cha karibu ndicho kirefu, maana yake nyumba yako inayaita maji. Hapo ndipo utajaza udongo uliotoka kwenye tuta, tabaka kwa tabaka, kila tabaka ukilishindilia, ila usivuke ule mpaka wa sentimita 15 chini ya tabaka la ukutani. Mwisho wa mteremko maji yapewe mtaro mwembamba wa kuyatoa nje, yaelekee kwenye mfereji wa barabara na siyo kwa jirani.

Hujaniambia maji ya paa yanamwagika wapi. Kama gata inamwagia hapohapo pembeni ya kibaraza, umeshajua nusu ya tope lako linatoka wapi. Ongeza kipande cha bomba kiyapeleke mbali na msingi.

Nije kwa mdogo wako. Pevingi ni kazi nzuri na sina shaka anaijua. Lakini hebu zingatia hesabu hii: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Uwanja wako ni mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 20, uwanja unapokea lita 1,600. Leo sehemu ya maji hayo inanyonywa na udongo. Ukiufunika wote, karibu yote yatatembea, na yatakwenda mteremko unakoelekea, ambako kwa sasa ni mlangoni kwako.

Najua ninachokisema. Nyumba yangu ya pili ya kupangisha niliimwagia zege uwanja mzima, tambarare, karibu usawa wa kizingiti, nikajiona nimemaliza kazi. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja mpangaji alinipigia saa nane usiku. Nilipofika nilikuta ndala za watoto zinaelea sebuleni na mama yao amesimama juu ya kiti ameshikilia daftari za shule zilizoloa. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Mama, hukuwahi kuja hapa wakati wa mvua?" Sikuwa nimewahi. Nililipa godoro, nikalipa kuvunja zege, nikalipa kulimwaga upya likiwa na mteremko, na yeye akahama mwezi uliofuata. Swali lake sijalisahau, na ndilo ninalokuachia wewe: kabla hujalipa fundi yeyote, nenda ukasimame uwanjani mvua ikinyesha, utazame maji yanakimbilia wapi. Kama si msimu wa mvua, fungua mpira wa maji ukutani dakika kumi ufuate mkondo.

Uwanja wako hauhitaji vitofali ukuta hadi ukuta. Unahitaji njia. Iwe imenyooka kutoka getini mpaka mlangoni, upana mita 1.2, ili watu wawili watembee sambamba na kabati lipite bila kukwaruza mtu. Ijengwe juu ya kokoto zilizoshindiliwa, na ishuke sentimita 1 au 2 kwa kila mita ili isituamishe maji. Njia hiyo ni mita za mraba 12 kati ya 80. Kwa bei ileile ya mdogo wako, inakuwa chini ya kodi ya nusu mwezi. Hakuna kitu kingine nje ya nyumba kitakachobadilisha zile hatua nne kama hiki: mtu akifungua geti, miguu yake ijue pa kwenda.

Mwendee mdogo wako mwenyewe, usimtumie ujumbe. Mwambie hesabu ya lita 1,600, umwombe akuonyeshe mteremko ungekwenda wapi. Fundi mzuri akiulizwa kuhusu maji hafikirii anadharauliwa, anafurahi kuwa ameulizwa jambo la maana. Kisha mpe njia aijenge yeye, na umlipe bei yake kamili.

Mti usiukate. Nakusihi. Mwaka 2010 watafiti wawili, Geoffrey Donovan na David Butry, walichapisha walichokipata mjini Portland, jimbo la Oregon: miti ya barabarani mbele ya nyumba ilihusishwa na bei ya juu kwa takriban asilimia 3, na nyumba hizo ziliuzwa mapema kwa siku 1.7. Hata nyumba za jirani zilizo ndani ya mita 30 hivi zilinufaika. Wewe mti umeukuta mkubwa, kivuli kimekomaa, hujalipa chochote. Anayepanda leo atasubiri miaka mingi kupata unachotaka kukitoa kwa siku moja. Tena kama udongo wako ni wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kuondoa mti mkubwa ghafla huuacha udongo na maji yaliyokuwa yakinywewa na mti. Unavimba na kusukuma msingi.

Lililoharibika pale ni zege, kwa hiyo vunja zege. Usikate mizizi mikubwa iliyo karibu na shina, ndiyo inayoushikilia mti usimame. Weka kokoto au matandazo badala yake, mizizi ipate nafasi ya kunenepa. Kuhusu mabomba, mizizi haitoboi bomba zima. Huingia pale palipo na ufa au kiungo kinachovuja, hivyo ukiwa na wasiwasi kagua bomba. Matawi makavu yaondoe, na yale ya chini yapunguze mpaka yaanze juu ya mita 2, ila mti usiufyeke kichwa chake, unachipua vijiti dhaifu vitakavyovunjika kwa upepo. Kama shina limeinama au lina shimo, hapo mlipe mtu anayeijua miti aje autazame kabla ya lolote.

Chemchemi, hapana. Pampu yake itakufa, maji yatasimama, mbu watazaliana, na penye watoto maji yaliyosimama ni hatari. Mitende pia iache.

Nyasi za kukunja zinahitaji maneno mawili zaidi, kwa sababu kwenye picha zinapendeza na ndipo zinapowanasa wengi. Wiki za kwanza zinataka maji kila siku. Nyumba yako ni tupu, nani atamwagilia? Zikishashika, zinataka takriban milimita 25 za maji kwa wiki wakati wa kiangazi, na kukatwa mara kwa mara bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Mpangaji anayefanya kazi kutwa hatafanya hivyo, na simlaumu. Mimi uwanja wa kupangisha naupima kwa swali moja: nisipofika hapa miezi mitatu, utakuwa na sura gani? Nyasi za kukunja zinashindwa jaribio hilo.

Badala yake, tembea mtaa mzima jioni moja utazame mimea inayostawi kwenye nyua ambazo hakuna anayezihangaikia. Hiyo ndiyo ya kwako. Shirika la maji la Denver lilianza kuhimiza bustani za aina hii mwaka 1981, na kanuni zake bado ni nyepesi: mimea inayotaka maji sawa ikae pamoja, nyasi ziwe pale tu zinapokanyagwa na kutumika, na udongo ufunikwe. Matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8 yanatosha kuzuia magugu na kutunza unyevu. Yasiguse shina la mmea wala ukuta. Pale tuta lilipokuwa weka ukanda wa kokoto wa nusu mita, usipande kitu. Vichaka vilivyo karibu na madirisha na njia vibaki chini ya mita 1. Mwanamke anayerudi usiku anataka kuona mlango wake wote kutoka getini, na anayekuja kuangalia nyumba analifikiria hilo hata kama hasemi.

Kabla sijasahau: geti. Litie mafuta bawaba, lisugue kutu, lipake rangi. Namba ya nyumba isomeke kutoka barabarani. Taa moja juu ya mlango na moja karibu na geti. Haya yote yanamalizika kwa siku mbili.

Umeuliza nani atautunza. Hapa wenye nyumba wengi hukosea kwa kuandika kwenye mkataba kwamba "mpangaji atatunza mazingira", kisha wanashangaa. Maneno hayo hayamwambii mtu afanye nini. Tenganisha kazi. Kufagia na kumwagilia ni vya mpangaji. Mti, gata, mtaro na ukuta ni vyako, maana vikiharibika nyumba yako ndiyo inayooza. Kupunguza mimea na kung'oa magugu, mlipe mtu aje mara mbili kwa mwezi na gharama hiyo iwe imeshahesabiwa ndani ya kodi. Huyo pia atakuwa jicho lako pale. Siku ya kukabidhi funguo pigeni picha za uwanja, mzichapishe zikiwa na tarehe, msaini wote wawili. Zitakuepusha na mabishano ya amana siku ya kuhama.

Mwambie dalali akupe wiki mbili bila kuleta mtu. Bomoa tuta, weka mteremko, peleka maji ya paa mbali, jenga njia, tengeneza geti na taa, kisha mimea kidogo. Ukifika kodi ya mwezi mmoja na nusu simama, hata kama kona moja bado imebaki kokoto tupu. Ile nusu nyingine ya akiba yako ni ya tatizo la kwanza la mpangaji wako, nalo litakuja.

Utaona sijataja kuupaka ukuta. Usiupake. Bandua rangi na plasta iliyolegea, sugua chumvi kwa brashi kavu, kwa sababu ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani, kisha uache wazi. Mafundi wengi huhesabu mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene wa ukuta, kwa hiyo ni habari ya miezi. Ukishakauka piga plasta mpya, subiri wiki 4, ndipo utumie rangi inayoruhusu unyevu kutoka.

Najua inatisha kumpokea mtu ukuta ukiwa na kovu. Atakayekuja mwongoze mwenyewe mpaka pale, usimwachie dalali. Mwonyeshe tuta lilipokuwa, mweleze kwa nini umeliondoa, mwonyeshe maji yanakoelekea sasa. Mwambie ukuta unakauka, utaje mwezi utakaoupaka rangi, na tarehe hiyo uiandike kwenye mkataba kabla hajakuomba.